Hesabu Iliyoishia Jumbi

Uvumilivu ulinitoka mchana mmoja wa masika, nimesimama mlangoni kwangu Tunguu na mtoto mchanga begani, ninamwangalia binti yangu Rahma anakuja kwa miguu. Kiatu kimoja kipo mguuni, kimoja hakipo. Mtandio wake mweupe wa skuli umekuwa rangi ya udongo upande mmoja, juu mpaka chini. Alikuwa na miaka saba. Hakuwa analia. Mtoto akija analia unajua pa kuanzia. Huyu alikuja kimya, akakaa kizingitini, akavua kile kiatu kimoja, akakiweka vizuri pembeni kana kwamba mwenzake yuko njiani.

Nikamuuliza kumetokea nini. Akanambia lori la mchanga lilimpitia karibu, akarukia mtaroni, maji yakachukua kiatu. Nikamuuliza gari ya skuli kwa nini haikumfikisha.

"Dereva kasema hesabu inaishia Jumbi," akanijibu.

Kutoka pale Jumbi gari inapogeuzia mpaka kwangu ni kilomita nne, na barabara ile ndiyo inayopitisha malori ya mchanga na mawe, kila moja linakimbilia safari yake ya pili. Ilikuwa wiki ya sita mwanangu anaitembea, asubuhi na mchana, yeye na wenzake watatu. Siku ile wale watatu walizuiwa na mvua, akaja peke yake. Na mimi nilikuwa nshasema mara tatu. Nilimwambia dereva, akanijibu yeye anatia mafuta anayopewa. Niliwaambia watu wa kamati ya gari, wakanambia nivute subira. Nilimwambia mwenyekiti wa kamati mwenyewe, nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi, akanambia hesabu imeshafungwa. Kwa maneno hayo hayo: imeshafungwa.

Nikamkosha mtoto miguu. Halafu nikafungua mkoba wake, nikatoa daftari la hesabu, nikachana karatasi mbili za katikati, nikaanza kuandika malalamiko kwa bodi ya skuli. Kalamu ikatoboa karatasi. Nikachana mbili nyengine. Mume wangu alikuwa kazini hoteli ya Paje, harudi mpaka Alkhamisi, na afadhali, maana angenambia nipoe kwanza. Sikutaka kupoa. Lakini kila nikiandika mstari nilikuwa nainuka, nazunguka ua, narudi, kwa sababu mtu niliyekuwa nikimshitaki ndiye aliyenifundisha hesabu miaka minne, na kama si yeye nisingeweza kuiandika hata hiyo barua.

Sitamtaja jina. Kule mjini pia hakuna aliyekuwa akimwita jina. Alikuwa Mwalimu, basi. Walimu wengine wote walihitaji neno la pili la kuwatambulisha: mwalimu wa Kiarabu, mwalimu wa michezo, mwalimu mpya. Yeye alitosha na moja.

Darasani alikuwa na neno lake, hatua. Ukimpa jibu sahihi bila ya kuonyesha ulivyolipata, anainama taratibu, anachungulia chini ya dawati lako, anaangalia na la jirani, halafu anauliza, "Jibu hili umeliokota wapi, bibi? Mwenyewe asije akalitafuta." Darasa zima linacheka, na wewe unapata sifuri. Mimi nilipata sifuri nyingi za majibu sahihi. Nilikuwa na haraka, bado nina haraka, na kichwani mwangu jibu lilikuwa linafika kabla ya mkono. Hakunisamehe hata mara moja. Mwaka wa pili nikaanza kuandika hatua kwa hasira, kila kitu, hata mbili kujumlisha mbili, nikajaza kurasa tatu kwa swali moja ili nimkomoe. Akazisahihisha zote tatu na kuniandikia chini: afadhali.

Neno asilolistahamili lilikuwa kiasi. Mwenzetu mmoja aliulizwa skuli ina ngazi ngapi toka chini mpaka darasani kwetu, akajibu kiasi cha arubaini. Mwalimu akamfungulia mlango kwa adabu, akamwambia aende akazihesabu na akirudi asirudi na kiasi. Yule msichana alirudi na thalathini na saba. Mwalimu alitikisa kichwa. Moja ilikuwa imevunjika, imebaki nusu, na yeye alitaka kujua msichana ameihesabu vipi.

Mwenyewe aliishi hivyo hivyo. Alijua hatua za miguu kutoka mlangoni kwake Malindi mpaka skuli, na alijua wakati wa mvua zinazidi ngapi kwa sababu ya kukwepa madimbwi. Sukari ya chai aliisawazisha kijikoni kwa mgongo wa kisu. Alikuwa na baiskeli, nyeusi, imepakwa mafuta mpaka inang'ara, na miaka yote nilimwona ameipanda mara mbili tu. Siku nyengine aliikokota vichochoroni, huku akiitilia upepo kila Jumamosi na kuhesabu mipigo ya pampu. Wavulana walisema Mwalimu anaipeleka baiskeli kutembea.

Na mtu huyo huyo, saa nne ya mapumziko, alikuwa akinunua mikate ya boflo, anaiweka mezani darasani, anatoka nje na kusimama barazani amewapa mgongo. Aliyekuja skuli bila ya kula alijua. Hakuhesabu mikate ilikuwa mingapi wala imebaki mingapi. Niliwahi kumuuliza, kwa mdomo wangu huu, mbona mkate hauna hatua. Akanambia nirudi kitini.

Kidato cha tatu baba aliamua nitolewe skuli. Kulikuwa na posa, na posa yenyewe ya watu wazuri. Mwalimu alisikia, sijui kwa nani. Akaja kwetu Mkunazini baada ya alasiri, akakaa barazani na baba, wakanywa kahawa, wakazungumza bei ya mbao mpaka magharibi, akaondoka. Kesho yake akaja tena, wakazungumza mipira ya baiskeli. Siku ya tatu kahawa ilipofika baba alichoka.

"Mwalimu, umekuja kwa ajili ya huyu mtoto."

"Naam."

"Basi sema."

"Nnasema siku ya tatu leo," Mwalimu akajibu, na kumimina kahawa yake.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimaliza kidato cha nne, na posa ikaenda kwa binti mwengine. Kwa hiyo asije mtu akanambia sina shukurani. Ninayo, na ndiyo iliyonikera zaidi kuliko lori.

Kwa sababu alikuwa na upande mwengine, na sisi wanafunzi wake tunapenda kuuruka. Alikuwa hawezi kusahihishwa. Mwaka ule wa tatu alikosea ubaoni, kitu kidogo, alama ya kutoa akaifanya ya kujumlisha, na mwenzetu mmoja akanyoosha mkono akamwonyesha. Mwalimu aliuangalia ubao muda mrefu. Akaufuta wote, hata pale palipokuwa sawa. Kesho yake yule msichana akakuta dawati lake limehamishiwa nyuma kabisa, karibu na dirisha la kuvuja, na alikaa huko mpaka mwaka ukaisha. Hakumpa sababu. Yeye aliyetaka hatua za kila kitu, hiyo hakuonyesha hatua yake hata moja.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikahamia Tunguu kwa sababu kiwanja kilikuwa huko, nikazaa Rahma. Nilitaka asome mjini, skuli ndogo ya wazazi niliyoijua. Hatukuwa peke yetu. Watu walikuwa wanahama Mji Mkongwe, wanajenga Fuoni, Jumbi, Tunguu, na watoto wanabaki kusoma mjini. Ndipo wazazi tukakubaliana kununua gari ya kuwachukua. Miaka ile gari zilizotumika za Japani zilikuwa zinashushwa bandarini kila wiki, vioo vimepakwa chokaa, na ndani bado kuna vikaratasi vyenye maandishi yasiyosomeka. Pesa ya kununua tulikuwa nayo. Kilichotutisha ni mafuta. Michango yetu yote ya mwezi ilikuwa inanunua lita mia na arubaini na moja, hata glasi moja zaidi hamna. Gari itakayokula zaidi ya hapo ingetushinda.

Kazi ya kuchagua, na uenyekiti wa kamati ya gari, akapewa Mwalimu. Alikuwa ameshastaafu. Hakuwahi kumiliki gari wala kuendesha, lakini hakuna aliyeuliza hilo, na mimi sikuuliza. Nani mwengine angepewa hesabu? Mimi wakanifanya mwandishi wake, kwa kuwa nilikuwa naweza kuandika haraka.

Ziliwekwa gari tatu. Ya kwanza kigari kidogo chenye uso bapa, kinachukua watoto wanane. Mwalimu alikiondoa papo hapo, maana watoto walikuwa kumi na tisa, na safari tatu ni mafuta mara tatu. Ya pili gari ya petroli ya viti kumi na tano, watoto wakibanana wanaenea, nyeupe, safi, inasimama kama bibi harusi. Ya tatu ya dizeli, kubwa kidogo, kelele nyingi, mlango wa pembeni unafungwa kwa kuusukuma na goti. Dalali alikuwa na zote mbili na hakujali tutachukua ipi. Akaisifu ile ya petroli. "Hii haili mafuta, Mwalimu. Inaramba tu."

"Inaramba lita ngapi?" Mwalimu akamuuliza. Dalali akacheka. Mwalimu hakucheka, alikuwa anasubiri jibu.

Kipimo chake kilikuwa cha chupa. Fundi anachomoa mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi, anauingiza kwenye chupa yenye lita moja kamili, chupa inafungwa nyuma ya kiti cha dereva, unaandika namba za kilomita zilizopo kwenye dashibodi, unaendesha mpaka gari izime yenyewe. Ulipozimikia ndio ukweli wako. Nilikipenda kipimo kile. Hakikuwa na maneno ya dalali ndani yake.

Tulitoka Ijumaa asubuhi na mapema, njia ya Chwaka, Mwalimu mbele, dereva wetu mpya kwenye usukani, mimi nyuma na daftari. Barabara tupu. Vioo wazi. Mwalimu ameshika kitasa cha juu kwa mikono miwili kama mtu aliyepandishwa mnazi, lakini uso umefurahi. Gari ilipozima tulikuwa tumekwenda kilomita kumi. Tukajaza chupa, tukaenda tena: kumi na nusu. Mara ya tatu, tunarudi, Mwalimu ameshanunua samaki, changu, na amemfunga kwenye gazeti miguuni: tisa na nusu. Wastani kumi. Akaniambia niandike.

Hapo nilimuuliza. Namshukuru Mungu nilimuuliza, na najilaumu sikuendelea.

"Mwalimu, na watoto?"

"Watoto wana nini?"

"Hawamo."

"Watoto hawakai ndani ya tangi, bibi," akanijibu. Dereva akacheka. Mimi nikaandika kumi.

Ile ya dizeli, tuliyokwenda nayo na fundi, mambo yalikuwa mengine. Ilipomaliza chupa yake ilivuta upepo kwenye mipira, na dizeli ikivuta upepo haiwaki mpaka fundi aupampu utoke wote. Tukakaa ukingoni mwa njia. Fundi akapampu, jua likapanda, Mwalimu akiangalia saa. Ilipowaka hatimaye hakuna aliyekuwa na hakika lita ile iliishia wapi na upepo ulianzia wapi. Fundi akasema, mzee wangu, gari hizi hazipimwi kwa chupa, lakini ukiijaza watu inavuta na haiongezi ulaji sana, mimi nazijua. Mwalimu akamwambia kujua si kupima. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika yeye mwenyewe mbele ya ile dizeli: haipimiki. Akaifuta kwenye orodha. Gari nzima ilikataliwa kwa kuwa haikuweza kuingia kwenye chupa ya Mwalimu.

Kwenye mkutano wa wazazi aliandika ubaoni. Mjini mpaka Tunguu kilomita kumi na sita. Gari inatoka mjini tupu asubuhi, inarudi na watoto. Mchana inawapeleka, inarudi tupu. Sitini na nne kwa siku. Siku ishirini na mbili za masomo, kilomita elfu moja mia nne na nane. Gawa kwa kumi. Mia na arubaini, nukta nane. Na sisi tunazo mia na arubaini na moja. Akaipigia mstari ile nukta mbili iliyobaki, akageuka kutuangalia, na ule ulikuwa uso wa mtu aliyeuona mwezi wa Idi. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mwezi wa kwanza mafuta yakaisha siku ya kumi na sita.

Watoto wakakaa nyumbani siku zilizobaki. Na Mwalimu, badala ya kurudi kwenye ubao, akamgeukia dereva. Kwanza alisema ana mguu mzito. Halafu akasema mafuta hayayeyuki. Hakutamka mwizi; hakuhitaji, kamati yote ilimwelewa. Dereva alikuwa kijana wa Kikwajuni, baba wa watoto wawili, na kuanzia siku hiyo alipokuwa anapita watu wakimuuliza lita moja anauza bei gani. Mwezi wa pili ndipo kamati ikagundua kwamba gari ikigeuzia Jumbi mafuta yanatosha mpaka mwisho wa mwezi. Tunguu kulikuwa na watoto wanne tu. Mwalimu akakubali, akafunga daftari.

Barua yangu ya kwanza, ile ya siku ya kiatu, ilikuwa na hasira kurasa nne na hesabu hakuna. Niliisoma asubuhi nikamsikia kabisa: umeiokota wapi, bibi? Nikaichana.

Jumatatu nikamchukua Rahma mkono mmoja na mtoto mchanga begani, tukatembea zile kilomita nne mpaka Jumbi, nikaingia kwenye gari. Dereva aliniangalia. Nikamwambia nitapanda wiki nzima, niandike kilomita za mwanzo wa wiki na za mwisho, na mafuta tutayajaza pamoja mpaka yamwagike mdomoni mwa tangi. Akaniuliza kama kamati imenituma kumpeleleza.

"Nimekuja kukuhesabia," nikamwambia.

"Mimi nshaitwa mwizi kwa sababu ya nukta, dada. Hesabu tu."

Siku tano. Niliona ambayo chupa haikuyaona. Watoto kumi na tisa wanajaa mpaka gari inakaa chini nyuma. Inasimama mara ishirini na moja, na kila ikisimama inaanza tena kutoka sifuri na mzigo wake. Betri ni ya zamani, dereva haizimi hata mtoto akisahau begi na kurudi ndani kulitafuta, maana akizima huenda isiwake. Darajani unakaa nyuma ya mikokoteni, injini inanguruma na gari haiendi popote. Mchanga wangu alinitapikia Jumanne. Jumatano mvua, vioo vimefungwa, ndani kama chungu. Kwenda na kurudi nilikuwa natembea na Rahma ile njia ya malori, na kila likipita alikuwa ananivuta yeye mimi upande wa mtaro, mtoto wa miaka saba, ameshakuwa na desturi yake. Ijumaa tukajaza tangi tena mpaka mdomoni. Kilomita mia mbili na arubaini. Lita thalathini na mbili. Saba na nusu kwa lita, hata tone halijauzwa.

Nikaandika barua upya, na hatua zake zote. Isipokuwa nilipofika kwenye ile saba na nusu nikaandika nane.

Ningeweza kuipeleka bodi moja kwa moja. Sikuweza. Nilimpelekea yeye kwanza, nyumbani kwake Malindi, baada ya alasiri. Ngazi zake za mbao nilizipanda kwa kuzihesabu, ugonjwa aliotuambukiza. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, miwani imefungwa uzi upande mmoja, amepungua mwili. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, humo humo chumbani, na mipira yake imejaa upepo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mchanga hajambo?"

Nikamwambia nimekuja na barua, nakwenda kuipeleka kwa bodi kesho, ni malalamiko, na wa kulalamikiwa ni yeye. Nilitaka aisome kwangu kabla ya kuisikia kwa watu. Nilisema yote kwa pumzi moja, nimesimama. Akanyoosha mkono. Nikampa. Kabla hajaanza kusoma akapapasa dirishani akachukua kalamu nyekundu. Sidhani kama alijua amefanya hivyo.

Alisoma ukurasa wa kwanza, wa kiatu na lori. Alisoma pale nilipoandika kwamba kipimo kilifanywa gari ikiwa tupu. Alisoma pale nilipoandika kwamba dereva si mwizi, akarudi juu, akapasoma tena. Nilikuwa nalikumbuka lile dawati la karibu na dirisha la kuvuja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote: aichane, anifukuze, anyamaze mwaka mzima. Akageuza ukurasa wa hesabu, na kalamu ikaanza kuteremka mstari kwa mstari, mpaka ikasimama.

"Mia mbili na arubaini gawa kwa thalathini na mbili?"

"Saba na nusu, Mwalimu."

"Hapa umeandika nane."

Nikasema nilikadiria tu, ili hesabu ya mbele iwe nyepesi. Haikuwa kweli. Alinitazama juu ya miwani, akajua si kweli.

"Kwa nane, upungufu wa mwezi ni lita thalathini na tano. Kwa saba na nusu ni arubaini na sita, nukta saba." Alikuwa ameipata kichwani. "Umeniachia lita kumi na moja, nukta saba. Nani kakwambia uniachie?"

Akaikata ile nane. Akaandika saba na nusu juu yake, akaendelea kushuka, akasahihisha kila mstari ulioharibiwa na huruma yangu, pole pole, na kosa lake likawa linakua mbele ya macho yake kwa wino wake mwenyewe. Alipofika chini akaipigia mstari ile arubaini na sita, nukta saba. Nje muuza kahawa alikuwa anagonga vikombe vyake.

"Rahma ana kilo ngapi?" akaniuliza.

"Ishirini na moja."

Akaiandika pembeni mwa karatasi. Halafu akauliza yule dereva siku hizi anakaa Kikwajuni ya Juu au ya Chini. Nikamwelekeza. Akanirudishia barua.

"Nakili upya. Bodi haitosoma karatasi nyekundu. Na mchango wako kwenye kosa hukuuonyesha. Nakumbuka uliniuliza, nikakujibu, ukanyamaza. Hiyo nayo ni hatua."

Nilinakili usiku ule ule, na asubuhi nikaipeleka kwa mkono wangu. Hii hapa kama ilivyopokelewa.

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Skuli.

Kuh: Malalamiko ya gari ya skuli kutofika Tunguu.

Mimi ni mzazi wa Rahma, darasa la pili. Nalalamika rasmi kwamba kwa wiki saba sasa gari tunayoichangia wote inageuzia Jumbi, na watoto wanne wa Tunguu wanatembea kilomita nne asubuhi na nne mchana kwenye barabara ya malori. Mwanangu alirukia mtaroni kulikwepa lori. Safari hii tumepoteza kiatu.

Nalalamika kwamba gari ilichaguliwa kwa kipimo kilichofanywa ikiwa na watu watatu, barabara tupu, bila ya kusimama, ikaonekana inakwenda kilomita kumi kwa lita. Ikiwa na watoto inakwenda saba na nusu. Kufika Tunguu kila siku inahitaji lita 187.7 kwa mwezi. Tunazo 141. Zinapungua 46.7. Gari ya dizeli ilikataliwa bila ya kupimwa, kwa sababu kipimo kilichotumika hakikuifaa.

Nalalamika kwamba dereva alishukiwa wizi. Nimepanda naye siku tano na kujaza tangi naye. Hakuna kilichoibwa. Naomba bodi imwambie hivyo mbele ya wazazi wale wale.

Na mimi nina kosa. Nilikuwa mwandishi wa kipimo. Niliuliza watoto wako wapi, nikajibiwa, nikanyamaza, nikaandika kumi.

Naomba gari ifike Tunguu kuanzia Jumatatu, na upungufu wa mafuta tuugawane wazazi wote, wa karibu na wa mbali, mpaka ipatikane gari inayotufaa. Naomba gari hiyo ipimwe watoto wakiwa ndani. Na kipimo hicho naomba akisimamie Mwalimu yule yule ninayemlalamikia, kwa sababu simjui mtu mwengine anayeweza kulihesabu kosa lake mwenyewe bila ya kulipunguza.

Hatua zote zimeonyeshwa nyuma ya karatasi hii.